Sale Mkononi, Kaseti Mfukoni

Ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu haitaki kuniachia, mwanangu. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka Meru mpaka kwenye migomba, nami napanda kijia cha Nkoaranga nikiwa na jani la sale mkononi na kaseti mfukoni. Jani lilikuwa la kuombea msamaha. Kaseti ilikuwa ya kuombea kitu kingine. Laiti ningeiacha ile kaseti nyumbani, leo ningekuwa mzee wa kawaida tu, analalamikia magoti na bei ya sukari.

Umekuja kwangu kujifunza gitaa, nami nitakufundisha. Umenisikilizisha kwenye simu yako ule muziki wa roki wa zamani unaoupenda, gitaa linalia juu ya tumba, ukaniuliza kwa nini vidole vyako vinapata noti zote na bado wimbo haufanani na ule. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi nikiwa na umri wako. Aliyenijibu ni mtu mmoja, na mtu huyo hayupo kwa sababu yangu. Kaa basi. Gitaa liweke pembeni kwanza, maana nikikuona umelishika nitaanza kukurekebisha vidole na haya sitayasema.

Mtu huyo aliitwa Mzee Anaeli, Mmeru wa Nkoaranga, mpiga solo wa bendi ya kiwanda chetu. Enzi zile viwanda vya serikali vilikuwa na bendi zao. Siku za kazi uko kwenye mashine, Jumamosi uko jukwaani, na gitaa unalopiga, spika, hata waya, vyote ni mali ya kiwanda. Mimi Mchaga wa Kibosho, nilishuka mjini Arusha na mama yangu, tukajijengea vyumba viwili Sombetini, nikapata kazi ya stoo. Nikaingia kwenye bendi nikiwa sijui hata kukaza nyuzi. Mzee Anaeli ndiye aliyenishika vidole akaviweka mahali pake, kimoja kimoja, saa ya chakula, wakati wenzetu wanakula. Yeye alikuwa anakula kiporo chake baadaye, kimepoa.

Hakuwa msemaji. Ukikosea hakugomba, alinyamaza tu, akaacha kupiga, na bendi nzima ikasimama kumsubiri mpaka mwenyewe uone ulipokosea. Ilikuwa aibu kuliko kutukanwa. Neno alilonirudia mara nyingi lilikuwa moja. "Gaspa, unajaza sana. Acha nafasi." Mimi nilijiambia mzee wa watu hana cha kujazia, ndiyo maana anapenda nafasi. Ujana una jeuri yake, mwanangu, na mimi nilikuwa nayo ya kutosha watu wawili.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ikaachia biashara. Wewe hukuwepo. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, redio kaseti zikawa kila nyumba, na wageni wakaanza kuja Arusha kwa makundi kwenda mbugani. Mholanzi mmoja aliyekuwa anawapeleka wageni safari alinipa kaseti ya muziki wa roki. Nikaisikiliza, nikapagawa. Sikujua gitaa linaweza kupiga kelele namna ile. Nikafuga nywele. Nikanunua koti la ngozi la mtumba, nikawa nalivaa mchana wa jua kali, na mama akaniambia nanuka kama ng'ombe aliyenyeshewa. Sikumjali. Nilikuwa nimepata muziki wangu, na ile rumba ya Mzee Anaeli, zile chachacha zake alizozitoa kwenye santuri za Kuba, nikaanza kuziona kitu cha kuonea haya.

Ruksa ile ile iliyoleta kaseti ndiyo iliyofunga kiwanda. Mashine zikachukuliwa na hawa na wale, watu wakarudishwa nyumbani, na vyombo vya bendi vikanunuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafungua hoteli kwenye barabara ya Moshi. Tulimwita Bosi Ludo. Akaja kwenye ukumbi wetu asubuhi moja, funguo za gari zinazunguka kidoleni, akatutazama kama mtu anayechagua kuku.

"Nachukua watu watano," alisema. "Wa gitaa la solo nataka mmoja. Mna wangapi?"

Tulikuwa wawili kwa wakati huo, maana mimi nilishaanza kujitangaza. Mzee Anaeli alikuwa pale pale, amechuchumaa, anakunja waya wa gitaa. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi nimtaje, kwa sababu ndivyo ilivyo, mwanafunzi humtaja mwalimu wake, mwalimu hajitaji mwenyewe.

Nami nikasema hivi, na maneno yangu nayakumbuka yote. "Bosi, Mzee Anaeli ni mtu wa rumba na chachacha. Mambo ya wazee hayo. Wazungu wanataka roki. Rumba na roki ni mbingu na ardhi."

Bosi Ludo akacheka, akanipiga bega, akasema mimi ni kijana anayejua biashara. Basi ikawa imekwisha. Mzee Anaeli akamaliza kukunja waya. Akatoa leso, akapangusa nyuzi za gitaa moja baada ya nyingine, akalilaza kwenye boksi lake na kufunga vifungo. Gitaa lile alilipiga tangu mimi niko shule ya msingi, na halikuwa lake. Akaja akanikabidhi waya.

"Ukunje hivi hivi kila siku," aliniambia. "Usiupinde. Utakatikia ndani, na kwa nje hutaona."

Akachukua kofia yake akaondoka. Sikumfuata hata mlangoni. Nilikuwa na haraka ya kufungua boksi.

Tulianza kazi hotelini. Tulipiga Jumapili mchana kwenye bustani, wageni wanakula nyama choma na sisi tunapiga kelele zangu. Wengine walipiga makofi, wengine walihamia meza za mbali. Kwa miezi kadhaa mambo yakaenda. Habari za Mzee Anaeli nilizisikia juu juu tu, kwamba amerudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kwamba kahawa haina bei na ameng'oa nusu yake apande mahindi, kwamba kifua kinamsumbua. Vumbi la kiwandani lilikuwa limewaharibu wengi vifua. Nilisema nitakwenda kumsalimia, kama watu tunavyosema.

Siku moja Bosi Ludo akatuita akatuwekea kaseti. Yupo wakala wa watalii anakuja kutoka Ulaya, alisema, na muziki anaoupenda ni huu. Akiridhika, atakuwa analeta makundi yake hotelini msimu mzima, na bendi itapewa mkataba. Asiporidhika, bosi atanunua kinanda cha umeme kimoja na mtu mmoja wa kukibonyeza, na sisi watano tutafute shughuli nyingine.

Wimbo wenyewe, mwanangu, ni wa aina ile ile unayoipenda wewe. Roki, lakini chini yake kuna tumba na manyanga, na gitaa liko juu peke yake, linavuta noti moja mpaka unahisi itakatika. Nikasema huu ni wangu, huu nausubiri tangu siku nyingi. Nilikaa na ile kaseti kwa wiki mbili. Nikapata noti zote, hata zile ndogo ndogo. Nikiwa peke yangu nilifanana kabisa. Nikiingia na bendi, wimbo unalala chini hauendi. Tunapiga kwa kasi, haupandi. Tunapiga taratibu, unasinzia. Nikamlaumu wa drams, nikamlaumu wa besi, nikasema spika ni mbovu.

Ikafika siku ambayo Hamisi, mpiga tumba wetu, mtu wa Tanga, mpole sana, alisimamisha mikono akanitazama.

"Gaspa, utajitesa mpaka lini? Hii ni chachacha."

"Chachacha gani? Hii ni roki."

"Kwa juu roki. Huku chini ni chachacha ya Mzee Anaeli, tumeipiga miaka yote na mikono yangu inaijua. Tatizo wewe unapiga kama tumba hazipo. Yule mzee angekaa hapo, ungeona."

Wenzangu wakaangalia chini. Nikaelewa kwamba wote walikuwa wanajua, wiki mbili nzima, na hakuna aliyetaka kulitamka lile jina mbele yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na bado, nisikufiche, aibu ile haikuwa ya kumkumbuka mzee wa watu. Ilikuwa ya kukumbuka kwamba namhitaji.

Nikamweleza mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Akaniuliza kama niliwahi kumwomba radhi yule mzee. Nikasema bado. Akaacha ndizi, akatoka nje hadi kwenye mpaka wa kiwanja ambako alipanda masale siku tuliyohamia, akachuma jani moja refu, akaliangalia pande zote lisiwe na kovu, akalifunga fundo.

Nadhani unalijua sale, lakini siku hizi sina hakika na chochote. Kwetu Uchagani, na kwao Wameru pia, mtu aliyekukosea akija kwako na jani hili kwa mikono miwili, huwezi kulikataa. Hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Ukilikataa unajitoa wewe katika watu, na wote wataogopa kukaa karibu nawe. Ni jani zito kuliko lionekanavyo.

Mama akanipa na maelekezo yake. "Ukifika, omba msamaha. Ukipewa kitu cha kunywa, kunywa. Kisha rudi nyumbani. Usiseme jambo jingine lolote siku hiyo, Gaspa. Kama una shida na mtu, shida yako nenda nayo siku nyingine, mikono mitupu, ili aweze kukukatalia."

Nikasema sawa mama. Nikasubiri aingie ndani, nikatia kaseti mfukoni na redio ndogo kwenye kikapu. Jumapili ya wakala ilikuwa imebaki siku nne. Siku nyingine ya kwenda sikuwa nayo, au nilijiambia sina.

Nilimkuta Mzee Anaeli amekaa kwenye kigoda barazani, blanketi mabegani, jua lenyewe halipo. Alikuwa amekonda. Alipovuta pumzi ulisikia kifua kinakwaruza. Mkewe, Mama Elipendo, alikuwa anapepeta maharage pembeni, akaniona kabla yake, ungo ukasimama mikononi.

"Shikamoo Mzee," nikasema, nikapiga goti, nikatoa jani kwa mikono miwili. Nikasema nilimkosea mbele ya watu, nilimtoa kwenye kazi aliyonifundisha mwenyewe, na nimekuja kuomba anisamehe.

Alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Akanyoosha mikono, akalipokea, akaliweka mapajani. "Nimepokea," akasema. "Yamekwisha. Keti, mwanangu." Mama Elipendo akaanza kulia kimya kimya, akaenda kuniletea chai.

Mwanangu, kama ningekunywa chai ile nikaaga, ningekuwa mtu. Niliinywa hata haijapoa, nikatoa redio kwenye kikapu.

Nilimwekea kaseti. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza bila kutikisika. Kufika katikati akatabasamu, meno yake mawili ya mbele hayapo, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla. Akaokota vijiti viwili vya mkahawa kwenye rundo la kuni, akaanza kugonga kimoja juu ya kingine, na wimbo wote ukakaa sawa ndani ya ile redio mbovu. Tatu, kisha mbili. Ta, ta, ta, kimya kidogo, ta, ta. Alivigonga mpaka mwisho.

"Umesikia?" akaniuliza. "Hivi vijiti kwenye kaseti hakuna mtu anayevigonga, lakini kila mmoja wao anavisikia kichwani. Wa tumba anavisikia, wa besi anavisikia. Ndiyo maana besi haitui pale unapoitegemea. Wewe husikii, kwa hiyo unajaza pale pale palipoachwa wazi."

"Na gitaa, Mzee?"

"Mishiko ya vidole ni miwili tu, mpigaji huyu anazunguka humo humo, kama sisi. Ila ile mishiko ameiongezea noti moja ambayo haina haraka ya kurudi nyumbani. Hiyo ni ya jazi. Na sikiliza anapovuta noti, halafu anakaa, halafu anaanza tena. Gitaa halina mapafu, lakini huyu analipumzisha kama mpuliza tarumbeta. Amekaa na wapuliza tarumbeta huyu, nakuambia. Sisi tulijiita jazi, bendi zote nchi nzima zilijiita jazi, na wengi wetu hatukuwahi kuisikia jazi yenyewe. Tuliipata imechanganyikana na Kuba kwenye santuri. Naye kaipata hivyo hivyo, kwa majirani zake." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Ngoma hii ilitoka huku Afrika kwa minyororo, Gaspa. Ikarudi kwa santuri, tukaipokea. Sasa imekuja tena kwa kaseti, na wewe ukadhani ni mgeni."

Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alifurahi kama mtu aliyeletewa barua ya ndugu yake. Alinirudishia yale maneno yangu ya mbingu na ardhi kwa upole kuliko nilivyostahili, nami sikuyasikia vizuri, kwa sababu kichwani nilikuwa nahesabu siku. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilijua siwezi kukijifunza hicho kitu kwa siku tatu.

"Mzee," nikasema, "njoo upige Jumapili. Mara moja tu. Mchana, siyo usiku. Tutakufuata na gari."

Mama Elipendo akaweka ungo chini. "Baba Elipendo haendi popote. Daktari amesema asikae kwenye baridi hata saa moja. Unamwona mwenyewe alivyo."

Mzee aliangalia mapajani, kwenye lile jani, na mimi nikaliangalia pia. Ningeweza kusema hapana Mzee, mama ana haki, nisamehe kwa kusema. Nilikaa kimya kwa sababu nilijua jani linanisaidia. Mtu aliyepokea sale asubuhi hiyo hiyo, akimkatalia aliyelileta, ataonekana amesamehe mdomoni tu. Nilijua hivyo, na ndivyo nilivyotaka. Kosa la ukumbini lilikuwa la jeuri ya ujana. Hili la barazani nililifanya kwa akili timamu.

"Nimeshapokea sale, Mama Elipendo," alisema hatimaye. "Nitakwenda."

Jumapili ile Meru haikuonekana kabisa. Kulikuwa na manyunyu yale ya mwezi wa saba, hayanyeshi na hayaachi. Tulifungiwa turubai bustanini, upepo unapita chini yake. Mzee alikuja na koti la suti alilofungia ndoa, na skafu ya mkewe shingoni. Nilimpa lile gitaa. Alilipangusa nyuzi kwa leso, moja baada ya nyingine, kama siku ile aliyoliacha.

Alipoanza kupiga, mwanangu, Hamisi alifumba macho. Sina namna ya kukueleza. Wimbo uleule uliokuwa unanilalia chini uliinuka ukaanza kutembea wenyewe. Hakupiga noti nyingi, nadhani hakufika nusu ya zangu. Alivuta moja, akaiacha, akasubiri, na katika kule kusubiri ndimo tumba zilimojibu. Nilikuwa nashika ridhimu pembeni yake kama zamani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilivisikia vile vijiti visivyogongwa na mtu. Nilifurahi, nami siwezi kujinyima kukuambia hivyo. Ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuipata katika muziki, na sijaweza kuitenga na yaliyofuata.

Wakala hakuwepo. Alichelewa njiani, akafika tumeshamaliza. Bosi Ludo akasema turudie. Tukarudia. Wakala akasimama, akapiga makofi, akaomba tena. Mzee akaniangalia mimi, siyo bosi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamwambia, "Mara ya mwisho, Mzee." Akapiga. Toka saa nane mpaka karibu saa kumi na mbili tulikuwa chini ya turubai lile. Tulipomwinua kitini, mgongo wa koti ulikuwa umelowa, na hakuna aliyejua ni manyunyu au jasho.

Gari la hoteli lilimrudisha. Mimi nilibaki, bosi alitaka nikae mezani na wakala nimweleze habari za bendi, kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza. Niliongea sana siku ile. Nilitumia hata maneno ya mzee, ya minyororo na santuri, na wakala akayaandika kwenye kidaftari chake akidhani ni yangu.

Jumatano nikasikia Mzee Anaeli amelazwa hospitali pale pale Nkoaranga, kifua kimejaa. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake kulikuwa na mazoezi. Siku iliyofuata bosi alileta karatasi za mkataba. Nilikwenda Jumanne ya wiki iliyofuata, na machungwa kwenye mfuko, nikaambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba mzee alifariki Jumatatu alfajiri. Nilisimama na yale machungwa sijui niyaweke wapi.

Mkataba ule ulikaa msimu mmoja. Mwaka uliofuata bosi alinunua kinanda.

Lakini sijamaliza. Baada ya mazishi na matanga, nilichuma sale kwa mkono wangu, sikumwambia mama, nikapanda tena kwenda Nkoaranga. Mama Elipendo alikuwa kwenye baraza ile ile, kigoda kimeegeshwa ukutani. Nikapiga goti, nikatoa jani kwa mikono miwili. Sikuweza kusema vizuri, nilisema tu, nisamehe mama, nisamehe.

Alilipokea. Hakulitazama hata, alilipokea kwa sababu hana ruhusa ya kulikataa, nasi sote wawili tulilijua hilo.

"Nimepokea, Gaspa," akasema. "Haya, sema. Mara hii umekuja kuchukua nini?"

"Sikuja kuchukua kitu, mama."

Akanitazama, macho makavu kabisa. "Ungesema hivyo siku ile," akasema, akainuka akaingia ndani.

Hakuwahi kunisema kwa watu, na tukikutana aliitikia shikamoo yangu mpaka alipofariki naye. Alinisamehe, kama desturi inavyotaka. Mimi ndiye niliyeliharibu lile jani, sijui kama lilikuwa na thamani yoyote tena mikononi mwake.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, kisha tutachukua gitaa. Ukimkosea mtu, nenda kamwombe radhi, wala usichelewe. Lakini ukienda, nenda na kosa lako tu. Usichanganye radhi na shida yako siku moja, hata shida iwe inakuchoma, maana aliyekusamehe sasa hivi hana nguvu ya kukukatalia, na wewe unalijua hilo kabla hujafungua mdomo. Mwache apumzike na msamaha wake. Kama ana mke au mtoto anayesema huyu mtu anaumwa, msikilize huyo kuliko unavyomsikiliza mgonjwa mwenyewe. Na mtu akilazwa, nenda leo.

Kuhusu muziki nitasema kidogo. Unachokiita kipya, kiulize kwanza kililelewa na nani. Ile roki yako imenyonya kwa rumba na imefundishwa kupumua na jazi, na huenda anayeijua kuliko wote yuko kwenye migomba ya jirani, amekaa kwenye moshi wa kuni, na hakuna anayemsalimia. Msalimie. Mfuate ukiwa huna unachotaka.

Vijiti hivi viwili ni vya mkahawa, nilivikata mwenyewe, vyake sikuvipata wala sikustahili kuviomba. Vishike. Leo hutagusa gitaa, utagonga hivi tu mpaka uvisikie hata ukivilaza chini. Mungu akupe masikio ya kusikia nafasi iliyoachwa na mwenzako, akupe moyo wa kutoijaza, na walimu wako wazeeke wakiwa na joto. Na jina la Mzee Anaeli ulitaje utakapopiga vizuri, maana mimi siku moja niliulizwa nilitaje, nikalinyima. Haya, anza. Tatu, kisha mbili.